Mipaka ya Kasulo

Kasulo ni mtaa wa Kolwezi, makao makuu ya mkoa wa Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na historia yake ya karibuni haieleweki bila historia ya ramani, kwa kuwa tangu ukoloni ardhi ya huko imekuwa chini ya walioipima zaidi kuliko walioikalia. Mwaka 1892 mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet, aliyefika Katanga, eneo ambalo Lualaba ni sehemu yake, na msafara wa Wabelgiji Bia na Francqui muda mfupi baada ya Msiri, mfalme wa huko, kuuawa, alikagua machimbo ambamo Wasanga na jirani zao walikuwa wamechimba shaba na kuiyeyusha kwa vizazi vingi, hivyo kilichoitwa ugunduzi kilikuwa, kwa sehemu kubwa, kuandikwa kwa elimu ya wenyeji. Mwaka 1906 ikaundwa kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga, ambayo mali yake ilitaifishwa baada ya uhuru na hatimaye kuwa ya Gécamines, kampuni ya serikali.

Sheria ya Madini ya 2002 ilileta ramani ya namna nyingine: nchi nzima iligawanywa katika miraba ya takriban hekta 85, leseni zikahesabiwa kwa miraba, na wachimbaji wa mikono wakaruhusiwa kufanya kazi ndani tu ya maeneo yaliyotengwa na waziri. Mbinu hiyo inafanana na ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, Tanzania, iliyotangazwa 1995, ambako maji yamegawanywa katika kanda zenye masharti tofauti ya uvuvi. Lakini kanda za Mafia zilikusudiwa kulinda kilichomo, ilhali miraba ya Lualaba ilikusudiwa kugawa kinachotolewa.

Mwaka 2014 mkazi mmoja wa Kasulo, akichimba katika kiwanja chake, alifikia heterojeniti, yaani mbale nyeusi yenye kobalti, na muda si mrefu watu wakawa wanatoboa nyua na hata sakafu za nyumba zao. Setilaiti inaweza kuona maturubai yanayofunika midomo ya mashimo, lakini haioni njia za chini kwa chini, ambazo wanaozijua ni wachimbaji wenyewe. Mwaka 2017 serikali ya mkoa, chini ya Gavana Richard Muyej, ilihamisha mamia ya familia, ikazungushia sehemu ya mtaa uzio, na haki ya pekee ya kununua mbale ya humo ikapewa Congo Dongfang Mining, kampuni tanzu ya Huayou Cobalt ya China.

Utafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven uliochapishwa 2018 uliwalinganisha wakazi 72 wa Kasulo, 32 kati yao wakiwa watoto, na watu wa eneo la jirani lisilo na machimbo, ukakuta kobalti nyingi zaidi katika mkojo na damu ya wakazi wa Kasulo, hasa watoto. Kwa kipimo hicho, uzio wa 2017, uliochorwa kwa kufuata haki ya kununua, ulikuwa mpaka wa biashara kuliko wa afya.