Chikanda: Dawa ya Kale Ipitayo Tunduma

Miongoni mwa shehena zivukazo mpaka wa Tunduma kuingia Nakonde, nyuma ya malori ya mafuta na ya saruji ambayo forodha huyapa taadhima yake yote, kwa miaka mingi limekuwa likipita gunia lisilotazamwa na mtu, lenye viazi vidogo vya rangi ya udongo, vingine havizidi ncha ya kidole gumba. Na viazi hivyo, ambavyo upande wetu huitwa kikande na ng'ambo chikanda, si mbatata wala viazi vikuu, bali ni vya maua ya okidi yameayo yenyewe katika nyika za Nyanda za Juu Kusini, kutoka Ufipa hata Makete.

Huko Zambia huanikwa, hutwangwa, na unga wake hupikwa pamoja na karanga zilizopondwa, magadi, chumvi na pilipili, ukikorogwa hata ukashikana kwa ule uteute wake wa asili. Kisha sufuria hufunikwa, na makaa ya moto yakapangwa juu ya kifuniko. Kikipoa, chakula hicho hukatwa vipande vyekundu vyenye mnofu kama wa nyama. Wabemba hawakukiacha jikoni tu: katika ichilanga mulilo, ada ambayo jamaa za bibi arusi humwandalia mkwe wao vyakula vya kila namna ili kumwonyesha moto wa nyumba yao, chikanda aghalabu huwamo, na mkwe huyo tangu hapo huwa ameruhusiwa kula kwao.

Lakini heshima ya kiazi hiki ni kongwe kuliko ada hiyo. Wayunani wa kale, walioona viazi viwili vikining'inia pamoja chini ya shina moja, waliliita ua hilo kwa jina la korodani, nao wakaamini kwamba umbo ni ishara ya dawa. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliandika habari hiyo. Na karne nne baadaye tabibu Dioscorides akasimulia kwamba wanawake wa Thessaly waliwanywesha watu viazi hivyo kwa maziwa ya mbuzi, kile kibichi kilichojaa ili kuamsha shauku, na kile kikavu kilichosinyaa ili kuizima. Waarabu nao walikiita korodani za mbweha, na kutokana na neno hilo likapatikana sahlab, kinywaji kizito cha moto ambacho katika dola ya Uthmaniya kilitumiwa kuwatia nguvu wagonjwa na wazee, na ambacho katika karne ya 18 kiliuzwa hata katika njia za London. Sioni ajabu kwamba mataifa yaliyo mbalimbali yalikitukuza kiazi cha namna moja; ajabu yangu ni kwamba yote yalikiteua kile kile kilichojaa.

Maana viwili vile si ndugu wa umri mmoja. Kilichosinyaa ndicho kilicholisha shina la mwaka huu, nacho kimemaliza kazi. Kilichojaa ni akiba ya ua la mwaka ujao. Na mbegu za okidi, zilizo nyepesi kama vumbi, haziwezi kuota pasipo kuvu maalumu wa udongoni, basi si rahisi kupanda shamba la chikanda kama mtu apandavyo mahindi kule Mbozi.

Nyika za Zambia zilipopungukiwa, wachuuzi waligeukia huku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi baina ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivushwa kwenda Zambia kila mwaka, na miaka miwili baadaye uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ukawa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuwekwa hasa kwa ajili ya maua. Ni tendo la kushukuriwa sana. Lakini nyika zilizo nje ya Kitulo hazina ulinzi wa namna hiyo, nami nazihofia.

Huko mchimbaji huinama na jembe lake dogo, akang'oa shina pamoja na udongo, akaviminya viazi viwili kwa kidole kimoja baada ya kingine. Kilicholegea hukirudisha shimoni, na kilicho kigumu hukitia mfukoni.