Kuuguza, Kutumika na Kugoma: Historia ya Mjadala wa Hospitali katika Jiji la Dar es Salaam



Kila mgomo unapozuka hospitalini, wakazi wa Dar es Salaam hugawanyika. Wapo wanaosema kwamba daktari na muuguzi ni wafanyakazi kama wengine, na mfanyakazi asiyesikilizwa hana silaha ila kuweka kazi chini. Wapo wanaouliza: mtu aliyekabidhiwa mgonjwa anawezaje kumwacha? Mjadala huu huelezwa kwa kawaida kuwa ni wa mishahara. Katika mhadhara huu nakusudia kuonyesha kwamba ni mjadala pia wa maneno, kwa sababu maneno tunayotumia kuihukumu kazi ya hospitali yametoka katika mazingira tofauti ya kihistoria, na hayajapatana hadi leo.

Tuanze na maumbo yenyewe. Nomino "muuguzi" imetokana na kitenzi "uguza". Kuuguza ni wajibu wa nyumbani: mama huuguza mwanawe, na mtoto humuuguza mzazi. Nomino "mtumishi" imetokana na "tumika", kwa kanuni ileile inayotupa "mpishi" kutokana na "pika". Maana yake ni mtu anayetumika. Kwa hiyo lugha inamweka mhudumu wa afya baina ya ndugu na mtu anayetumwa. Nomino "mgomo" imo katika mkondo mwingine. Punda hugoma, gari hugoma kuwaka, na mtu hugoma asipokubali kuendeshwa. Anayegoma amekataa kutumika.

Hospitali ya hisani

Huduma za tiba za kisasa mjini Dar es Salaam ziligawanywa kwa rangi tangu enzi ya Wajerumani. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Waasia walitibiwa katika hospitali iliyopewa jina la Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyetoa mali yake kwa ajili hiyo, naye akafariki mwaka 1897. Jina lake lingali hai katika wodi za Muhimbili. Tunachopaswa kukizingatia ni kwamba hospitali ya wengi iliingia mjini kama hisani ya tajiri, na mpokeaji wa hisani hana msingi wa kudai. Huweza kushukuru au kunung'unika, lakini hawezi kumwajibisha mtoaji.

Mgomo kutoka bandarini

Wakati huohuo lugha ya madai ilikuwa ikikua mahali pengine. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, na mgomo wa mwaka 1947 ulianzia bandarini ukaenea hadi miji mingine kwa kufuata reli. Gazeti la Kwetu, lililoanzishwa na Erica Fiah mwaka 1937, lilikuwa limekwisha kuwapa Waafrika wa mjini uwanja wa kuzungumzia hali zao, tofauti na Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza mwaka 1923. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilipoundwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa Katibu Mkuu, "mfanyakazi" alikuwa tayari ni mtu wa kisiasa. Lakini kielelezo chake kilikuwa mbeba mizigo na fundi wa reli. Mizigo ikikaa melini, anayepata hasara ni mwenye meli. Muuguzi akiondoka wodini, anayeumia ni jirani yake.

Kutoka haki hadi mchango

Hospitali ya Princess Margaret, iliyofunguliwa mwaka 1956, ilipewa jina la Muhimbili baada ya uhuru. Maradhi yalitangazwa kuwa mmoja wa maadui watatu wa taifa, pamoja na ujinga na umaskini. Kwa lugha hiyo tiba ilitoka katika hisani ikawa haki, na mganga wa serikali akawa askari wa vita hivyo. Askari hagomi. Mwaka 1964 vyama vyote viliunganishwa katika NUTA chini ya mkono wa serikali. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakemea viongozi wenye majivuno na uonevu, na wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam wakautumia kuhalalisha migomo yao, hadi dola ilipowazuia.

Mwaka 1993 wagonjwa walianza kutakiwa kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Baadaye likaja neno "mteja". Hivyo mkazi mmoja amekuwa, kwa vizazi vichache, mpokea hisani, mwenye haki, mchangiaji na mteja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliiweka afya katika kundi moja na maji, umeme na zimamoto, yaani huduma ambazo watumishi wake hawaruhusiwi kugoma ila kwa masharti maalumu. Kwa mtazamo wa sheria, wodi ni sehemu ya miundombinu ya jiji, sawa na bomba na waya.

Mwaka 2012

Tabaka zote hizi zilikutana katika migomo ya madaktari ya mwaka 2012. Madaktari walidai mshahara wa kuanzia wa shilingi milioni 3.5, na pamoja nao posho na mazingira bora ya kazi: walisema kwa lugha ya bandarini. Serikali na wakazi wengi walijibu kwa lugha ya kuuguza: kiapo, wito, huruma. Mwezi Machi Rais Kikwete alilizungumzia suala hilo mbele ya wazee wa Dar es Salaam, kana kwamba ni shauri la ukoo. Usiku wa tarehe 26 Juni kiongozi wa madaktari, Dkt. Steven Ulimboka, alitekwa. Alipatikana kesho yake katika msitu wa Mabwepande akiwa amejeruhiwa vibaya. Mwishoni mwa Julai gazeti la MwanaHalisi, lililokuwa likiandika habari za utekaji huo, lilifungiwa. Uwanja wa maneno uliwekewa mipaka kwa nguvu.

Novemba 2015 Rais Magufuli aliingia Muhimbili bila taarifa, akakuta wagonjwa wamelala chini na mashine za uchunguzi hazifanyi kazi. Aliivunja bodi, na fedha zilizotengwa kwa tafrija ya wabunge zikanunua vitanda. Jiji lilishangilia, na furaha hiyo ilikuwa na sababu. Hata hivyo, mwanahistoria wa lugha hawezi kukosa kuona kwamba vitanda vilivyonunuliwa kwa fedha ya umma vilipokewa kwa shukrani ileile aliyostahili Sewa Haji.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba wakazi wanaobishana kuhusu mgomo wa hospitali mara nyingi hawabishani juu ya jambo moja. Mmoja anamtazama ndugu anayeuguza, mwingine kuli anayedai ujira. Muuguzi wa Muhimbili ni wote wawili, na mgonjwa naye ni mlipa kodi hata akiwa hoi kitandani. Barua za wasomaji magazetini, hotuba na hukumu za mahakama za kazi ni matini yanayongoja wachunguzi. Wanafunzi wakiyakusanya, tutaweza kujua ni lini, na kwa maneno gani, wakazi wa jiji hili walianza kuita hospitali "yetu".