Lugha ya Kurahisisha: Aljebra kutoka Baghdad hadi Karagwe

Aljebra ilifika katika shule za Karagwe ikiwa imekwisha kusafiri mbali. Jina lake linatokana na neno la Kiarabu al-jabr, yaani kuunga kilichovunjika, lililomo katika anwani ya kitabu alichokiandika al-Khwarizmi mjini Baghdad yapata mwaka 820. Kutokana na mzizi huohuo Kiswahili kina neno jabari. Hesabu, jumla na sifuri nayo ni maneno ya asili ya Kiarabu.

Huko Karagwe msamiati huo ulitangulia ubao na chaki. Stanley alipofika Kafuro mwaka 1876 aliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu, na lugha ya misafara ilikuwa Kiswahili. Mwaka 1967 Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi nchini Tanzania, maneno ya soko yakawa istilahi za somo. Ndivyo ilivyokuwa pia katika eneo lililotengwa mwaka 2012 kuwa Wilaya ya Kyerwa.

Mtoto wa huko huja shuleni na Runyambo. Lugha hiyo, kama Kiswahili, hupatanisha namba na ngeli: abantu babiri, ebintu bibiri, watu wawili, vitu viwili. Kwa hiyo kanuni ya kukusanya vinavyofanana si ngeni kwake. Katika 3a + 2b + 5a − b, a huenda na a, na b na b. Jibu ni 8a + b.

Hata hivyo, mfano wa ngeli una mipaka. Mwalimu akisema a ni ndizi na b ni maharage, mwanafunzi husahau kwamba herufi husimama badala ya namba, wala haelewi kwa nini 3a na 2a² havijumlishwi ilhali vyote vina a.

Istilahi nazo zina mitego yake. MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, humwongoza mwanafunzi vyema katika namba tupu. Lakini katika 4(a + 2) − 3a, anayeshurutishwa kumaliza mabano kwanza huandika 2a, na kosa huanzia hapo. Hana budi kuzidisha kila kilichomo: 4a + 8 − 3a, yaani a + 8. Vivyo hivyo, rahisisha imeundwa kutokana na rahisi. Kitenzi hicho kinaahidi wepesi, hakiahidi jibu la namba moja. Asiyeelezwa hivyo huilazimisha a + 8 kuwa 8a.

Makosa haya husahihishwa kwa maelezo, na maelezo huhitaji lugha. Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kitumike katika sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Hivyo mwanafunzi aliyekwisha kuvuka kutoka Runyambo hadi Kiswahili huvuka tena kuingia Kiingereza afikapo Kidato cha Kwanza, wakati uleule aljebra inapozidi kina. Akikosea, ni vigumu kujua kama ameshindwa na hesabu au na lugha.

Al-Khwarizmi aliyaeleza mahesabu yake kwa maneno matupu, bila herufi wala alama. Alama zilikuja baadaye kufupisha kilichokwisha kueleweka. Mwanafunzi wa Karagwe anastahili kupewa mpangilio huohuo: maana kwanza, ufupisho baadaye.