Matege, Moshi na Lawama kwa Akina Mama

Madaktari wa Ulaya bara waliyaita matege "ugonjwa wa Kiingereza", na Francis Glisson wa Cambridge aliyaandikia kitabu kizima mwaka 1650. Hata hivyo, ni viwanda vya karne ya 19 vilivyoyafanya kuwa sura ya kawaida ya mtaa wa maskini. Mwaka 1889 madaktari wa Uingereza walichapisha ramani iliyoonyesha ugonjwa umerundikana katika miji ya viwanda na migodi, ilhali mashambani ulikuwa haba. Haya hayakuwa maradhi ya miguu ya kuchekwa tu. Msichana aliyekua na nyonga zilizopindika aliubeba ulemavu huo hadi siku ya kujifungua, na wengi hawakutoka hai.

Mwaka uliofuata, Theobald Palm, mmishenari tabibu aliyepata kufanya kazi Japani, aliuliza swali jepesi: mbona huko watoto wa fukara hawana matege? Akawaandikia wenzake waliokuwa China, India na kwingineko, akahitimisha kuwa kinachokosekana Uingereza ni jua, lililozibwa na moshi wa makaa ya mawe na vichochoro vyembamba. Hakusikilizwa kwa takriban miaka 30.

Kwa nini? Huko Glasgow, Noël Paton na Leonard Findlay walishikilia kuwa chanzo ni kufungiwa ndani bila hewa wala mazoezi, na malezi ya mama yakatiwa katika hesabu ya sababu. Nadharia ya namna hiyo ina wepesi wake: mama akishaonekana mzembe, mwenye nyumba na mwenye kiwanda hawadaiwi kitu. London nako Edward Mellanby aliwalisha watoto wa mbwa uji, wakapata matege. Alipowapa mafuta ya ini la chewa, wakasalimika. Akaona ni suala la chakula. Lakini mbwa wake nao walikaa ndani, mbali na jua!

Ubishi ulimalizwa na watoto wenyewe. Berlin, mwaka 1919, Kurt Huldschinsky aliwatibu kwa taa ya miali ya urujuanimno. Vienna iliyokuwa na njaa baada ya vita, Harriette Chick na wenzake walithibitisha kuwa mafuta yale na mwanga vyote viwili huponya. Sababu yake ni kwamba ngozi ikipata jua hutengeneza vitamini D, ileile iliyomo katika mafuta ya chewa, na bila hiyo utumbo haufyonzi kalsiamu ya kutosha kukomaza mifupa.

Msomaji wa Afrika asidhani kuwa jua letu ni kinga kamili. Nchini Nigeria, watoto wanaocheza juani kutwa wameonekana na matege. Chakula chao ni mahindi na nafaka nyingine, maziwa ni adimu, na nafaka hizo huzuia hata kalsiamu kidogo iliyopo isifyonzwe. Utafiti uliotolewa mwaka 1999 ulionyesha kuwa walipopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Baadaye wakajaribiwa samaki waliosagwa pamoja na mifupa yao, na unga wa mawe ya chokaa. Vyote viwili vilifaa.