Michenzani: Ukuta Wako, Ngazi ya Nani?

Majumba ya Michenzani mjini Unguja husifiwa au hulaumiwa kwa urefu wake. Mimi naona jambo kubwa zaidi ni umiliki, maana katika mtaa huu suala la nani mwenye nini ni la zamani kuliko saruji yenyewe.

Mkono wa bahari ndio uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, ilipo Michenzani, mpaka ulipofukiwa wakati wa Waingereza. Upande wa Ng'ambo waliishi watumwa walioachwa huru, wachukuzi, mafundi na wageni kutoka bara na Comoro. Mtu alijenga nyumba yake ya miti na udongo, akaiezeka makuti, ikawa yake kweli. Kiwanja lakini si chake. Mwenye ardhi alidai kodi, na kodi ikapanda, hadi mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakagoma kuilipa. Mwaka huohuo Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab na jirani yao, alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri; mtaa uliodharauliwa na wakubwa wa mjini ukawa unasikika kila penye gramafoni.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi yote ilitangazwa kuwa ya Serikali. Zanzibar ilikuwa ya mwanzo Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, na Wajerumani wakaleta wataalamu. Walianza na nyumba za Kikwajuni, kisha mwaka 1968 mtaalamu wao Hubert Scholz akachora ramani mpya ya mji. Rais wa Zanzibar, Mzee Abeid Karume, alitaka makubwa zaidi: njia mbili pana zikatane msalaba katikati ya Ng'ambo, na kando yake majumba yanyooke, mengine yakikaribia mita 300. Nyumba za udongo zikabomolewa, watu wakatoka kujitolea kubeba mchanga na matofali. Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 kazi haijaisha. Hatimaye yalisimama majumba kumi.

Aliyepanda juu alipata umeme, choo cha ndani na sakafu isiyotoa vumbi. Alichokosa ni ua. Ua ndipo mwanamke alipokuna nazi, akaanika nguo na kuzungumza na jirani bila kuvaa buibui. Ghorofani shughuli hizo zilibanwa jikoni na dirishani. Baraza ilihamia chini, kwenye vivuli vya majumba, wanaume wakaendelea na bao na kahawa kana kwamba hakuna kilichobadilika. Waliopanga mji walifikiria sana barabara, wakamfikiria kidogo mno mama mwenye mbuzi ya kukunia nazi, kinu na jiko la mkaa.

Halafu kuna maji. Presha ikishuka, maji hayafiki juu, na ndoo hupandishwa kwa ngazi. Hapo ndipo lile suala la 1928 linaporudi. Ndani ya mlango wako unapaka rangi na kutia vigae upendavyo. Nje ya mlango, ngazi ikimeguka, bomba la majitaka likipasuka au paa likivuja, kila mtu humtazama mwenzake, kisha wote huitazama Serikali. Wa ghorofa ya chini hana haja na paa. Wa juu hana haja na karo iliyoziba chini.

Mwaka 2010 Zanzibar ilipitisha sheria ya umiliki wa nyumba ndani ya jengo la pamoja. Sheria hiyo inatambua nyumba ya mtu mmojammoja, sehemu za wote, na jumuiya ya wamiliki ya kuzitunza. Ni sheria nzuri, ila haiwezi kuitisha kikao wala kukusanya mchango; hayo ni ya wakaazi. Kwa maoni yangu Serikali imepata sifa nyingi kwa kujenga, na sasa ingefaa iwasaidie watu kuunda jumuiya hizo kabla ya kufikiria kupaka rangi kuta za nje.

Nawe unayetafuta nyumba ya ghorofani, Unguja au Dar es Salaam, kabla ya kuuliza bei uliza nani analipia pampu ya maji.