Masomo ya Uzamili ya Afya, KeMU

Masomo ya uzamili ya afya ya KeMU ni mafunzo ya shahada za juu yanayotolewa na Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya (KeMU), chenye kampasi kuu Kaaga, karibu na mji wa Meru. Chuo kilianzishwa na Kanisa la Methodisti mwaka 1997 na kupata hati kamili mwaka 2006. Mizizi yake ni ya zamani zaidi: Wamethodisti walifika Ribe, pwani, mwaka 1862, wakaingia Meru mwaka 1912, wakijenga shule na zahanati bega kwa bega. Hospitali ya Maua, huko Igembe, ni tunda la kazi hiyo.

Shahada za uzamili za afya za chuo ni pamoja na afya ya jamii, uuguzi na usimamizi wa mifumo ya afya. Mahali penyewe ni hazina kwa mtafiti, kwani safari fupi humtoa kwenye miteremko baridi ya Mlima Kenya hadi nyanda za joto za Tharaka, na maradhi hubadilika kufuata mwinuko.