Nani Anashika Mizani? Historia Fupi ya Biashara katika Mitandao ya Kijamii

Katika kila hatua ya historia ya biashara swali la msingi limekuwa hili: nani anamiliki uwanja ambao muuzaji na mnunuzi hukutania? Leo fundi cherehani wa Kariakoo huonyesha nguo zake Instagram, hupatana bei kwa WhatsApp, na hulipwa kwa simu. Wako wanaosema kwamba sasa dalali amekufa. Kauli hiyo hatuna budi kuichunguza kwa mwanga wa historia.

Kwanza, chanzo. Jumuiya za mwanzo za watu waliozungumza kwa njia ya kompyuta, kama ile ya WELL iliyoanzishwa California mwaka 1985, kazi yake kubwa ilikuwa mazungumzo, siyo kuuza bidhaa. Biashara ilipofika ilikuta humo mali ya thamani kubwa, nayo ni imani baina ya watu wasiojuana. Kampuni ya eBay, iliyoanza mwaka 1995, iliitumia mali hiyo. Mwaka 1996 iliweka utaratibu wa wauzaji na wanunuzi kutoleana ushahidi hadharani. Sifa ya mfanyabiashara, ambayo zamani iliweza kununuliwa kwa matangazo ya redio na magazeti, ikaanza kuamuliwa na wateja wenyewe. Hiyo ilikuwa hatua ya mbele, wala hatuna sababu ya kuibeza.

Pili, mtaji uliukamata uwanja. Facebook ilianza mwaka 2004, ikawafungulia milango watu wote wenye miaka 13 na zaidi mwaka 2006, na Novemba 2007 ikatangaza mpango wake wa matangazo ya biashara. Wafanyabiashara walikaribishwa kufungua kurasa bure, wakakusanya wafuasi kwa jasho lao. Mwaka 2012 kampuni hiyo iliinunua Instagram kwa takriban dola bilioni 1. Mwaka 2014 ikatangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Wakati huohuo habari za mwenye ukurasa zilizidi kuwafikia wafuasi wachache, na Januari 2018 kampuni ilitamka wazi kwamba watu wataonyeshwa habari za biashara kwa uchache zaidi. Aliyetaka kusikika kwa wafuasi aliowakusanya mwenyewe ikambidi alipe. Mwaka 2021 mapato ya kampuni hiyo, iliyojipa jina la Meta, yalizidi dola bilioni 117, karibu yote yakitokana na matangazo.

Bidhaa inayouzwa hapo ni ipi? Mwaka 1977 Dallas Smythe, mchumi wa Kanada, alieleza kwamba vyombo vya habari vya kibepari huwauza wasikilizaji kwa watangazaji. Katika mitandao unyonyaji huo ni maradufu: mtumiaji anauzwa, na picha na maneno yanayowavuta wenzake anayatengeneza yeye bila ujira.

Tatu, historia yetu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikafuata KNCU. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, walijenga ushirika wao kwa sababu walipunjwa kwenye vituo vya ununuzi. Hawakuikataa mizani, walikataa ishikwe na mnunuzi peke yake. Mizani ya leo ni ile programu inayoamua nani aone nini, nayo mshonaji wa Kariakoo haioni wala haikagui. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi. Muuzaji ambaye wateja wake wote walikuwa humo, siku ile hakuwa na duka.

Lakini tusichukue nusu ya fundisho. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na mamlaka za mazao zikashika ununuzi. Mwaka 1982 ilibidi sheria ipitishwe ya kuvirudisha. Kumwondoa dalali hakutoshi ikiwa mzalishaji hapewi usukani. Kwa hiyo kufunga mitandao siyo jibu. Na kodi ya asilimia 2 iliyowekwa nchini mwaka 2022 juu ya huduma za kidijitali za makampuni ya nje hugusa mapato, haigusi mizani.

Wajibu wetu basi ni huu. Wauzaji wadogo waunganishwe katika ushirika wenye daftari lake la wateja na sauti moja mbele ya makampuni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ifafanuliwe hadi mashinani, ili kila mtu ajue haki yake. Na vijana wetu wasome jinsi mizani hiyo inavyofanya kazi, maana asiyejua kusoma mizani atapunjwa hata akiwa na mavuno mengi.